Jina la Yudita Katika Mdomo wa Bata

Niliisikia kabla ya kuona chochote. Nilikuwa nimelala chali chini ya turubai la lori, katikati ya magunia ya alizeti, vumbi la kutoka Kinyangiri limeniziba pua, na lori lilikuwa limesimama mahali nisipopajua. Ndipo sauti ikaja. Ilianzia chini kama ndama aliyetenganishwa na mama yake, ikapanda, ikatetemeka, ikakatika, ikarudi tena kwa nguvu. Nikaamini kuna mtu anaumizwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Singida mjini, na jambo la kwanza nililolifanya katika mji huo lilikuwa kujikunja kati ya magunia na kumwomba Mungu nisiwe mimi ninayefuata.

Dereva alipofunua turubai alinikuta nimeshika kisu cha kukatia kamba.

"We Msengi, vipi?"

"Kuna mtu anachinjwa humo ndani."

Alicheka mpaka akaegemea tairi. "Huyo anapiga mdomo wa bata, mshamba wewe. Saksafoni hiyo. Ni bendi iko mazoezini."

Vijana wangu, mnakuja kwangu na simu zenu, mnaniwekea nyimbo za watu wa mbali, mnasema, "Babu, tupe siri ya kupuliza." Sasa siwezi tena kuwapulizia, meno ya mbele yamenitoka, na mdomo wa bata haupigwi kwa ufizi. Nitawaambia tu. Ila nitawaambia zaidi kuhusu woga, kwa sababu huo nimeupuliza miaka mingi kuliko saksafoni yenyewe.

Tuanze na ridi. Ridi ni kile kijipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye kinywa cha saksafoni; chenyewe ndicho kinachotetemeka, bati lote lile la dhahabu ni nyumba yake tu. Ridi ikikauka, hakuna muziki. Na upepo wa mji wetu mnaujua. Kuanzia Juni unakausha shati kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika la pili. Mimi ridi yangu niliiweka shavuni, kama mtu anayemumunya pipi, mpaka zamu yangu ifike. Siku moja nikiwa nayo hivyo nikakutana na mzee wa kanisa mlangoni pa ukumbi. Shikamoo haisubiri. Nikaitoa na mate na mwanzi pamoja, na mzee akaenda kunishtaki kwamba kijana wa bendi amemsalimia kwa kutafuna.

Ikiwa nzito, mnaikwangua kwa wembe. Kidogo, kidogo sana, mnaishika kwenye mwanga wa dirisha, mnaona kivuli chake katikati, mnakwangua pale kivuli kilipozidi. Mkiharakisha mmeiua. Mimi niliua ridi sita mwaka wangu wa kwanza, na hakuna duka lililokuwa likiuza ridi kuanzia Manyoni mpaka Nzega. Zile pedi zinazoziba matundu zilipochakaa, nilizishona upya kwa ngozi ya mbuzi. Sikuikausha vizuri. Panya waliingia ndani ya saksafoni wakala noti zote za chini, na Jumapili ile nilipiga muziki mwembamba kama wa filimbi. Watu wakadhani ni mtindo mpya.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Ntandu, Mnyaturu wa Ikungi, mrefu, mpole, aliyekuwa akipiga gitaa na kuimba huku amefumba macho. Bendi ilikuwa yake na vyombo vyote vilikuwa vyake. Wakati huo kila bendi ya dansi ilijiita jazi, na sisi tulikuwa Upepo Jazz. Alinichukua kwa sababu nilikuwa nimepiga tarumbeta kanisani Kinyangiri na nilikuwa na pumzi. Midomo tu ndiyo ilibidi aifundishe upya. "Tarumbeta unaibusu," aliniambia, "huyu unamuuma. Lakini umuume kama unavyomuuma mtoto shavuni, asilie."

Nilijifunza haraka, kwa ujanja. Nilikuwa naketi na redio sikio moja, nakariri solo za watu noti kwa noti, halafu nazipiga ukumbini kama zangu. Watu walinipenda. Mzee Ntandu alivumilia miezi kadhaa, kisha siku moja mazoezini akanyoosha mkono bendi ikanyamaza.

"Hiyo solo ya nani?"

"Ya redioni, mzee."

"Mwenyewe akija kuichukua, wewe utabaki na nini?"

Nilijaribu kupiga yangu palepale. Nikafumba macho, nikavuta pumzi, na sikupata kitu. Vijana, sijui kama mmewahi kujiita jina lenu ndani ya chumba na kukosa mtu wa kuitika. Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda mazoezini kama mtu anayekwenda kwa mganga wa meno.

Na woga huo ulikuwa na sura. Uliitwa Benja. Benja ndiye aliyekuwa mpigaji wa saksafoni kabla yangu. Alikwenda Tabora kutafuta makubwa, akarudi. Bendi ilikuwa na saksafoni moja tu. Kila mazoezi Benja alikuja, akasalimia watu vizuri, akaketi kwenye benchi la ukutani, na ridi yake iko kwenye mfuko wa shati. Hakusema neno baya hata siku moja. Nikikosea, alikuwa anaitoa ile ridi na kuilamba taratibu, akiniangalia. Mimi nilianza kulala na saksafoni kitandani, nimeifunika shuka, nikiamini nikiiacha ukumbini nitaikuta mdomoni mwake.

Yudita nilimfahamu kwa sababu ya mkanda. Mkanda wa kuvaa shingoni ulikatika, nikaupeleka kwa mshona nguo aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Zarina. Alikuwa Mgogo wa Kintinku, anaishi na shangazi yake hapo mjini. Akaugeuzageuza mkanda.

"Hiki nini, hatamu ya punda?"

"Mkanda wa saksafoni."

"Ahaa. Kumbe wewe ndiye unayelia kule ukumbini. Juzi nimekosea kukata gauni la watu kwa ajili yako."

"Pole, dada."

"Pole haivaliki."

Nilirudi kesho yake na kishikizo kisichokatika, nikasema kimekatika. Keshokutwa nikarudi na suruali nzima. Mama Zarina, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, aliniambia kutoka ndani ya duka, "Kijana, suruali zikiisha utaleta shuka?" Nikaona aibu, lakini sikuondoka. Nilikuwa naketi kwenye ngazi ya baraza nikisikiliza cherehani. Yudita alikuwa na namna yake ya kukanyaga. Anakwenda mbio kwenye mshono mrefu, anafika kwenye kona, ananyamaza, ananyanyua mguu wa sindano, anageuza kitambaa, halafu anaanza tena polepole kana kwamba ameombwa ruhusa. Ule ukimya wa kwenye kona ulinikaa kifuani. Siku moja nilifika nyumbani nikapiga mshono wake: mbio, kimya, polepole. Nikarudia. Halafu nikaendelea pale alipokuwa hajafika.

Hiyo haikuwa ya redioni. Niliisikia ikitoka kwenye saksafoni, nikageuka kuangalia mlango kama kuna mtu ameingia. Ni mimi. Nilimwogopa mtu huyo.

Kisha malaria ikanilaza siku nne. Siku ya tatu Yudita alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa, akaacha mlango wazi kabisa ili majirani waone, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alinilazimisha kunywa. Tulizungumza mpaka jua likawa chini. Ndiyo siku tuliyokubaliana kuoana, kama mnataka kujua. Hatukushikana hata mkono, nilikuwa natetemeka mno.

"Ila jambo moja," akaniambia. "Baba ni katekista. Aliponiruhusu kuja kujifunza kushona, tuliwekeana neno, mimi na yeye. Kila jambo langu atalisikia kwangu kwanza. Krismasi nakwenda nyumbani, nitamwambia mwenyewe. Mpaka siku hiyo usinitaje kwa mtu."

"Sitakutaja."

"Hata kwa bendi yako."

"Hata kwa bendi."

Nilipopona nikampelekea Mzee Ntandu ule muziki. Aliusikiliza mara mbili, hakufumba macho. "Huu ni wako," akasema. Akaugusa kwenye gitaa, ngoma zikaingia, na mimi nikajua kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile. Lakini sisi tulikuwa na kawaida yetu. Kwenye bugi, lile dansi la Jumapili alasiri, watu walitaka wimbo wenye mtu ndani yake, jina lake, jina la baba yake na alikotoka. Wimbo wa mapenzi usio na jina, watu waliuchezea mguu mmoja, huku wakitafuta soda.

"Weka maneno," Mzee Ntandu akasema. "Na uweke jina."

"Hauwezi kupigwa hivihivi, mzee?"

"Utapigwa hivihivi Jumapili moja, ya pili utasahauliwa. Jina. Ila jina lina mwenyewe. Sharti umuulize, akubali." Hilo alilisimamia sana. Waliwahi kumwimba msichana mmoja huko Manyoni bila kumuuliza, na kaka zake walikuja na fimbo. Bendi ilikimbia ikaacha ngoma kubwa katikati ya uwanja. "Yupo?"

"Yupo."

"Umemuuliza?"

Kwenye benchi la ukutani Benja alitoa ridi yake mfukoni. Akailamba.

"Nimemuuliza, mzee," nikasema.

Nimekaa na sentensi hiyo maisha yangu yote. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ni mapenzi yaliyonizidi, kwamba kijana akipenda anaropoka. Si kweli. Nilimpenda Yudita, lakini jina lake nililitoa kwa woga. Niliogopa kurudi kuwa mtu wa magunia ya alizeti, na jina lake lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi.

Maneno niliyaandika usiku huohuo, Mzee Ntandu akayaimba Jumapili:

*Yudita wa Chilewa, mtoto wa Kintinku,*
*ulikuja na uji, ukakaa kwangu,*
*ukakaa, Yudita, mpaka jua likazama.*

Yalikuwa ya kweli kila neno. Ule mlango ulioachwa wazi sikuuweka, haukuingia kwenye mizani.

Watu waliurudisha wimbo mara tatu. Vumbi lilipanda ukumbini mpaka tukawa hatuonani. Benja alisimama kutoka kwenye benchi, akanishika mkono, akasema, "Umeua, kaka," na akatoka. Nilikuwa nimeshinda. Na palepale, mkono wangu ungali na joto la mkono wake, nikaanza kutafuta ukumbini ni nani aliye wa Kintinku.

Yudita hakuwepo, Jumapili alasiri alikuwa akiimba kwaya. Jumatatu nilipofika barazani hakuinua macho kwenye cherehani.

"Nimesikia kwa mteja," akasema. "Amesimama hapo ninampima kiuno, anaimba jina langu. Hajui ni mimi."

"Yudita..."

"Ninaogopa hata kumeza mate. Nimempa konda wa basi barua ampelekee baba. Omba tu Mungu basi liutangulie wimbo wako."

Basi halikuutangulia. Madereva wanaopita njia panda ya Mkiwa walikuwa wameshaubeba kwa miluzi, huku na huku. Sijui nani aliufikisha Kintinku. Siku zile tatu kila kikohozi nyuma yangu kilikuwa cha katekista. Nilikuwa napishana na wazee barabarani nawaamkia kabla hawajanikaribia, wote, hata wasionijua, kama mtu anayelipia kosa kwa shikamoo. Ridi ilinikaukia mdomoni mara kumi kwa siku. Nililala na saksafoni na sikujua tena ninamficha nani.

Alhamisi saa tisa alasiri tulikuwa mazoezini. Mlango ukasukumwa taratibu, akaingia mzee mwembamba mwenye kofia, viatu vimejaa vumbi jeupe. Yudita alikuwa nyuma yake. Alivaa gauni lake la kanisani.

"Shikamoo mzee," tukasema wote.

"Marahaba. Hamjambo? Poleni na kazi." Akavua kofia, akaketi kwenye benchi, palepale alipokuwa akiketi Benja. Akaiweka kofia magotini. "Mimi naitwa Chilewa, natoka Kintinku. Nimeambiwa mna wimbo wenye jina langu. Naomba kuusikia, kama si usumbufu."

Angekuja na fimbo ningekimbia. Ule upole ulinigandisha miguu. Mzee Ntandu aliniangalia, mimi nikaangalia chini, na gitaa likaanza. Nilipiga. Sijui nilipiga nini. Najua tu kwamba Mzee Ntandu alipofika kwenye "ukakaa kwangu" sauti yake ilishuka, na yule mzee akatazama kofia yake.

Tulipomaliza akaigeuza kofia magotini.

"Aliyetunga?"

"Ni mimi, mzee."

"Sina ugomvi na muziki. Nyumbani tunapiga ngoma, tunapiga zeze, najua kazi nzuri nikiisikia." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa safari. "Mwanangu, nakuuliza jambo moja tu. Ulipomtaja binti yangu kwa watu, alikubali?"

Mzee Ntandu alikuwa amenigeukia. Yeye pia alikuwa anasubiri, kwa sababu mimi nilimwambia nimeuliza. Kama ningesema hakukubali, ningekuwa mwongo mbele ya kiongozi wangu, wimbo ungekufa, saksafoni ingerudi kwa Benja. Kama ningesema alikubali, Yudita ndiye angekuwa amevunja neno lake na baba yake. Nilivijua vyote viwili, vijana. Msije mkanitetea kwamba sikujua.

"Alikubali, mzee," nikasema.

Yule baba akageuka polepole kwa binti yake. Yudita alikuwa akiniangalia mimi. Sikuona hasira. Alikuwa ananiangalia kama anavyoangalia kitambaa kabla ya kukikata, akitafuta mwelekeo wa nyuzi.

"Ndiyo, baba," akasema. "Nilikubali."

Mzee Chilewa alivaa kofia yake. "Basi. Hilo ndilo nililolifuata." Akatushukuru, akatuaga kwa mikono, mmoja mmoja, hata mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

Niliupiga wimbo ule miaka mingi. Umenilisha, umenipeleka Tabora, Dodoma, Shinyanga, umenijengea jina. Benja alihama mwezi uliofuata na sikumwona tena. Mzee Ntandu tulimzika Ikungi, na mpaka anakufa hakuniuliza neno, ila tangu Alhamisi ile hakunifundisha kitu kipya. Nilioa baadaye, mke mwema, nina wajukuu. Mnaniuliza nilipata wapi ile sauti ya kutetemeka mwishoni mwa solo, ile mnayoiiga. Mnadhani ni ufundi wa midomo. Nitawaambia nilipoipata, halafu mniache nipumzike.

Siku ileile, kabla basi la jioni halijaondoka, Yudita alikuja kwenye chumba changu. Baba yake alikuwa akimsubiri stendi pamoja na mizigo. Niliinuka kitandani, sikujua niweke wapi mikono.

"Nisamehe," nikasema. "Nitamfuata mzee sasa hivi, nitamwambia ukweli."

"Utamwambia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama, kisha nikaitazama saksafoni chini ya shuka, na yeye akaona.

"Sijawahi kumdanganya baba," akasema. "Leo nimemdanganya, na wala haikuwa vigumu, ndicho kinachonitisha. Nimeshakusamehe, Msengi. Ila naogopa kuolewa na mtu ambaye kila akiingiwa na woga, mimi ndiye nitakayejibu ndiyo."

Akalitazama lile shuka.

"Upige wimbo," akasema. "Bila maneno yale."

Niliitoa saksafoni chini ya shuka. Ridi ilikuwa kavu, sikuwa na mate ya kuilainisha, nikapiga hivyohivyo. Nilipiga mshono mrefu, nikafika kwenye kona, nikanyamaza, nikageuza, nikaanza tena polepole. Mikono ilitetemeka na sauti ikatetemeka nayo, na sikuizuia. Nilipiga mpaka mwisho, na mwisho nikaongeza kitu nisichokuwa nacho kabla ya siku ile. Yudita alisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika fundo la khanga yake.

Nilipotoa mdomo kwenye saksafoni alikuwa analia bila sauti.

"Huu peke yake ungenitosha," akasema.

Kisha akageuka, akatoka, na safari hii akaufunga mlango nyuma yake.